Gemu Iliyotufungua Midomo

Kila mwezi barua zinakuja mezani kwangu: "Dada mhariri, mume wangu ameoa gemu." Nimezijibu nyingi, tena kwa ukali. Mwezi huu ni zamu yangu kuungama.

Ilikuwa saa nane usiku. Nikanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, patupu. Wewe uliye kwenye ndoa unaijua ile hali. Usingizi unaruka wote, moyo unaanza kwenda mbio, na akili inakimbilia moja kwa moja kwenye simu. Anachati na nani saa hizi? Nikashuka kitandani kimyakimya, nikanyata mpaka mlango wa sebule, nimejiandaa kwa fumanizi la mwaka.

Fumanizi lenyewe lilikuwa hivi: mume wangu yuko kwenye kochi na bukta na singlendi, taa zimezimwa, pedi ya PlayStation iko mapajani. Kwenye TV kuna mwanamume mnene mwenye ndevu, amesimama usiku wa mvua, amebeba kitu kifuani kama mtu aliyebeba kichanga. Picha haiendi, ameisimamisha. Na mume wangu machozi yanamtoka.

Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Mimi kazi yangu ni maneno, hayanipigi chenga hata siku moja. Lakini usiku ule niliishia kusema, "Mume wangu, kuna nini?" Naye bila hata kugeuka akajibu, "Njoo ukae hapa, mke wangu. Hii siwezi kuamua peke yangu."

Kuamua nini? Kwenye gemu?

SIYO FIFA

Acha niwe mkweli. Kwangu mimi gemu ilikuwa FIFA, yaani wanaume wazima wanapigiana kelele kwa magoli ya uongo, au zile za kukimbizana na bunduki. Sikujua kwamba kuna gemu ambazo kazi yake kubwa ni kusimulia hadithi, na wewe mchezaji ndiye unayeshika nafasi ya mhusika mkuu. Wenyewe wanaziita RPG.

Mizizi yake wala haiko kwenye kompyuta. Mwaka 1974 huko Marekani, jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons. Vifaa vyake ni karatasi, penseli na dadu. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anabuni mhusika wake. Msimulizi anasema, mmefika kwenye mlango, ndani kuna mtu analia, mnafanyaje? Mnajadiliana, mnarusha dadu, hadithi inaendelea kutokana na mlichoamua.

Kama ulilelewa na bibi, unaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko Mmarekani. Bibi akisema "Paukwa", na wewe unajibu "Pakawa", tayari umeshakuwa sehemu ya hadithi. Tofauti ni kwamba hapa mjukuu anaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Hapana, sungura asiingie kwenye lile pango," na bibi inabidi abadilishe hadithi papo hapo.

Kompyuta ilipoingia, yule bibi akageuka kuwa programu. Japani walitoa Dragon Quest mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, na tangu hapo mto haujakauka. Lakini programu haiwezi kubuni jibu papo hapo kama bibi. Kwa hiyo wabunifu wanalazimika kukaa chini miaka kadhaa na kuwaza mapema kila swali ambalo mchezaji anaweza kuuliza, kisha waandike majibu yote. Kazi yenyewe si mchezo. Disco Elysium ya mwaka 2019, iliyobuniwa na timu yenye asili ya Estonia, ina maneno zaidi ya milioni moja, wakati riwaya nyingi hazifiki hata laki mbili. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, kutoka kampuni ya Larian ya Ubelgiji, ina zaidi ya saa 170 za matukio yaliyoigizwa kama filamu, na mchezaji mmoja akiimaliza mara moja hawezi kuyaona yote. Kuna watu walilipwa kuandika mazungumzo ambayo wewe huenda usiyasikie kamwe, kwa sababu tu ulipita njia nyingine.

BARONI NA MKEWE

Gemu iliyomliza mume wangu ni The Witcher 3, iliyotolewa mwezi Mei 2015 na CD Projekt Red ya Poland, kutokana na ulimwengu wa vitabu vya Andrzej Sapkowski. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 50. Unacheza kama Geralt, mwindaji wa mazimwi anayefanya kazi kwa malipo, naye anamtafuta binti aliyemlea. Njiani anakutana na mtawala mmoja wa kijeshi, anaitwa Baroni. Baroni ana habari za yule binti, lakini anataka kwanza asaidiwe: mke wake na binti yake wametoweka.

Hapa ndipo ujanja wa waandishi unapoanza. Baroni ni mcheshi, anaongea vizuri, unampenda. Unamwonea huruma mzee wa watu aliyekimbiwa na familia. Kisha unaanza kuokota ukweli kipande kwa kipande. Baroni ni mlevi. Baroni anampiga mkewe. Mkewe naye alikuwa na mwanamume mwingine, na Baroni alimuua. Na usiku mmoja wa ugomvi, mke akiwa mjamzito, mimba ikatoka. Kile kichanga hakikuzikwa inavyostahili, na katika ulimwengu wa gemu ile kichanga cha namna hiyo hugeuka kuwa pepo.

Sasa mchezaji anapewa uamuzi. Upigane na yule pepo umuue, yaishe. Au umlazimishe Baroni ambebe mwanawe mikononi, usiku, kwenye mvua, mpaka kizingiti cha nyumba, amzike pale na ampe jina.

Hapo ndipo mume wangu alipokuwa amesimamisha gemu.

Mimi niliyekuja kufumania nikajikuta nasema, "Amzike. Ampe jina." Akabonyeza. Tukamtazama yule mlevi, yule mpiga mke, akilisema jina la mtoto kwa sauti inayokatika. Wala sikumsamehe, na hata leo simsamehi, kwa sababu kipigo si mapenzi na pombe si kisingizio. Lakini nililia. Tulilia wote wawili.

KILICHOKUWA KIMEKAA KATIKATI YETU

Niwaambie sasa kwa nini. Miaka miwili kabla ya usiku ule nilipoteza mimba ya miezi mitano. Hospitali nilipewa karatasi na dawa. Nyumbani ndugu walikuja, wakasema yale yanayosemwa: "Mshukuru Mungu umepona", "Bado wadogo, mtapata mwingine." Hakukuwa na msiba, hakukuwa na matanga, hakukuwa na turubai. Kwa mtoto ambaye hakulia, watu hawajui walie vipi.

Mume wangu Jumatatu alikwenda kazini. Alivaa shati lake, akafunga tai, akaondoka. Mimi nililiangalia lile shati likitoka mlangoni nikajiambia, huyu hakuumia. Sikumwuliza. Nikaliweka moyoni, na kila tulipokosana kwa jambo dogo, bili ya maji, chumvi kwenye mchuzi, kumbe nilikuwa nagombana na lile shati. Na yeye, kama nilivyokuja kujua, alikuwa ananiangalia nimekaa kimya anajiambia, huyu hataki liguswe, nisimtoneshe.

Usiku ule TV ikiwa bado inawaka, akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema. Kwamba na yeye alikuwa ameshachagua jina. Alilichagua tangu mwezi wa tatu wa mimba, akawa analisubiria siku ya kuniambia. Siku hiyo haikufika, na hakujua jina lisilo na mtu anakwenda kulitua wapi.

Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri.

WANAFANYAJE HAWA WATU?

Baada ya hapo nikawa na mzuka wa kujua. Filamu nimetazama, riwaya nimesoma, tena nyingi. Mbona mume wangu hakuwahi kulia kwenye filamu? Nikaanza kukaa naye anapocheza, na nikagundua mambo manne ambayo wabunifu wa gemu hizi wanayajua ile mbaya.

Kwanza, wanakutoza jasho. Mwaka 1997 kampuni ya Square ya Japani ilitoa Final Fantasy VII. Ndani yake kuna msichana anaitwa Aerith. Saa kadhaa unatembea naye, unampa vifaa, unamjengea nguvu. Halafu mwishoni mwa diski ya kwanza kati ya tatu anauawa, na harudi. Nafasi yake kwenye timu inabaki tupu na jasho lako limekwenda naye. Mwongozaji wa gemu hiyo, Yoshinori Kitase, ameeleza kwenye mahojiano kwamba walikwepa kifo cha kishujaa cha kwenye filamu. Walitaka kiwe cha ghafla, kikuachie utupu na mawazo ya yale uliyopaswa kuyafanya mapema. Waliowahi kufiwa wanaujua ukweli wa jambo hilo.

Pili, wanachelewesha majibu. Turudi kwa Baroni. Baadaye unakutana na roho iliyofungwa ndani ya mti, inakuomba uifungue ikaokoe watoto yatima walioko kinamasini. Sisi tukaifungua, nani ataacha watoto? Saa nyingi zikapita, tumeshasahau. Ndipo tukaona malipo yake: mke wa Baroni akafa, na Baroni akajinyonga. Ukiiua ile roho, mke anabaki hai lakini akili imempotea, Baroni anaondoka naye kumtafutia tiba mbali, na wale yatima hawaonekani tena. Wabunifu wangetuonyesha matokeo papo hapo, tungerudi nyuma tukachagua tena. Wao wameyaficha mbele. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na hawa wameigeuza methali hiyo kuwa kanuni ya kazi.

Tatu, hawakupi jibu safi. Hakuna mlango umeandikwa "wema" na mwingine "ubaya". Unabaki unajiuliza wewe ni mtu wa namna gani, na swali hilo hulijibu kwa mdomo, unalijibu kwa kidole.

Nne, wenzako wanakumbuka. Kwenye Baldur's Gate 3 unasafiri na wenzako ambao kila mmoja ana moyo wake. Ukimsaidia mkimbizi, huyu anafurahi na yule anakasirika kimoyomoyo. Ukiwaudhi mno, baadhi wanakuacha. Undertale, iliyotolewa na Toby Fox mwaka 2015, inakwenda mbali zaidi. Unaweza kuimaliza bila kumuua hata adui mmoja, na ukiua kisha ukarudi kuanza upya ukijidai mtakatifu, gemu inakukumbusha kwamba ulishafanya. Hiyo ni ndoa kabisa. Unaweza kuomba msamaha, lakini huwezi kufuta.

SOMO LA HASIRA

Na wakikosea, wanakiona. BioWare ya Kanada ilitoa Mass Effect katika sehemu tatu, mwaka 2007, 2010 na 2012. Uamuzi ulioufanya kwenye ya kwanza ulibebwa mpaka ya tatu: nani umempenda, nani umemwacha afe. Miaka mitano watu wanajenga hadithi yao. Mwisho ulipotoka Machi 2012, wachezaji wengi waliona kwamba yote waliyoyachagua hayakubadilisha kitu cha maana. Ikawa zogo kubwa, mpaka kampuni ikatoa nyongeza ya bure mwezi Juni mwaka huohuo ili kuufafanua mwisho ule.

Mimi nilicheka niliposikia, kisha nikaacha kucheka. Mtu asiyeulizwa kabisa anaweza kuvumilia. Lakini mtu uliyemwuliza, "Unataka nini, mpenzi?", akakujibu, ukafanya lako, huyo hasira yake ni nyingine. Akina baba mnaouliza twende wapi wikiendi huku mmeshalipia kwenu, nadhani mmenipata.

NA SISI WAAFRIKA JE?

Tupo. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Mwanzilishi wake, Olivier Madiba, alianza kulijaribu wazo hilo tangu mwaka 2003 akiwa kijana tu. Sehemu ya fedha walichangisha kwa watu mtandaoni. Ila kilichonigusa mimi ni hadithi yenyewe. Mwanamfalme Enzo anaoa na kutawazwa siku moja, na siku hiyohiyo anapinduliwa na shemeji yake, kaka wa bibi harusi. Enzo na mkewe Erine wanakimbia na kusafiri pamoja kutafuta nguvu ya urithi wa mababu ili kurudisha kiti.

Umeliona hilo? Gemu nyingi zinamwacha mwanamke kwenye mnara anasubiri kuokolewa. Hapa mke yuko njiani na mumewe, anapigana na anatoa ushauri, wakati adui wao ni damu yake mwenyewe. Kuchagua kati ya mume na kaka hakuhitaji kuelezwa kwa Mwafrika. Vikao vya ukoo tumekaa.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Sitaki dada zangu mnaoniandikia mseme nimewasaliti. Gemu hizi zinakula muda vibaya sana. The Witcher 3 peke yake inaweza kukuchukua saa zaidi ya mia moja. Na kuna kucheza kwingine ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuipa gemu kipaumbele kuliko mambo mengine yote, na kuendelea hata baada ya maisha kuharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kama wako hali chakula, kazini hafiki na watoto hawamwoni, huyo hahitaji mke wa kukaa naye kochini. Anahitaji msaada wa wataalamu.

Lakini kama ni mtu wako wa kawaida anayejifungia sebuleni saa mbili tatu, kabla hujachomoa waya, jaribu haya:

1. Mwulize hadithi inahusu nini. Usiulize "Unamaliza saa ngapi?" Ukimwuliza kuhusu mhusika anayempenda, utashangaa atakavyofunguka.

2. Mmoja ashike pedi, mwingine ashike uamuzi. Huna haja ya kujua kubonyeza. Kila linapokuja swali la kuchagua, mjadiliane kwanza. Utamjua mwenzio kuliko miaka mitano ya kuulizana "Umeshindaje?"

3. Anzeni na kiwango chepesi. The Witcher 3 ina kiwango cha wanaotaka hadithi zaidi kuliko vita. Baldur's Gate 3 kwenye PlayStation 5 mnaweza kucheza wawili kwa skrini moja. Kama hamna vifaa hivyo, Undertale na Aurion zinachezwa kwenye kompyuta.

4. Pangeni siku na saa. Sisi ni Ijumaa, tatu mpaka sita usiku. Umeme ukikatika, tunaongea.

5. Watoto walale kwanza. The Witcher 3 na Baldur's Gate 3 ni za watu wa miaka 18 na kuendelea, na wala hawakutania.

6. Mwenzio akisimamisha gemu na kunyamaza, usimcheke. Kaa. Subiri.

Sisi kwa Baroni tulishapita zamani, na naambiwa wengine walimwokoa. Tulizungumza kama tuanze upya ili tumwone akiondoka na mkewe, akiwa hai. Mume wangu akasema hapana, tulichochagua tumechagua.

Jina alilokuwa amelichagua sitaliandika hapa, ni letu wawili. Lakini linatajwa sasa ndani ya nyumba yetu, mchana, bila mtu kushusha sauti. Kwa hiyo, dada yangu, ukinyoosha mkono saa nane usiku ukakuta patupu, usianze na simu yake. Chungulia kwanza sebuleni.